Udereva Hauhesabiwi kwa Wiki

Likizo ndefu ikikaribia, kuna swali linalozunguka kila bweni: gari mtu anajifunza kwa muda gani? Majibu yapo tele. Matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme yanasema wiki mbili. Jamaa wa chumba cha jirani anasema siku nne zinatosha ukiwa mjanja. Shangazi yangu anasema yeye alichukua mwaka mzima, na mpaka leo Kariakoo hapeleki gari.

Mimi naona wote wanapima kwa kipimo kibovu. Udereva haupimwi kwa wiki. Unapimwa kwa saa ulizoshika usukani mwenyewe, na kwa hali za barabara ulizokutana nazo ndani ya saa hizo.

Tupige hesabu kidogo. Kozi ya wiki mbili ina siku 10 za kazi. Tuseme gari ni moja, wanafunzi mko wanne, na mnatoka kwa saa 2 kila siku. Kila mmoja anapata nusu saa. Kwa siku 10 umeshika usukani saa 5 tu, na hapo hatujatoa muda wa kukaa kwenye foleni wala wa kusubiri gari liwekwe mafuta. Hakuna mhadhiri atakayekuingiza kwenye mtihani wa mwisho baada ya vipindi vitano. Mbona kwenye chombo kinachoweza kuua mtu tunaona ni sawa?

Wenzetu wamelipigia hesabu jambo hili. Uingereza, serikali huwaambia wanaojifunza kwamba kwa wastani mtu huhitaji saa 45 za masomo na mwalimu, pamoja na saa 22 za mazoezi ya ziada. Jumla ni saa 67. Kwa mwendo wa nusu saa kwa siku, hizo ni siku 134. Katika jimbo la New South Wales kule Australia, aliye chini ya miaka 25 kwa kawaida anatakiwa ajaze kitabu cha kumbukumbu mpaka kifike saa 120, na kati ya hizo 20 ziwe za usiku, ndipo aende mtihani wa barabarani. Sisemi tuige kila kitu cha watu. Ninachosema ni kwamba kutoka saa 5 mpaka saa 67 ni mbali mno, na sidhani kama sisi tumezaliwa na kipaji cha usukani kuliko wao.

Nilijifunza likizo iliyopita, na nyuma ya kaunta buku langu la takwimu nilikuwa naandika dakika za kila siku. Nilipofika saa ya 6, gari lilikuwa haliniZimikii tena nikiachia klachi. Kwenye saa ya 15 hivi niliweza kuondoka kwenye mlima bila gari kurudi nyuma. Lakini ni karibu na saa ya 30 ndipo nilipogundua kwamba natazama vioo bila kujikumbusha. Nilienda mtihani nikiwa na saa 38, baada ya wiki 11.

Daftari hilo lilinionyesha kwamba ndani ya udereva kuna masomo mawili. La kwanza ni la mikono na miguu: klachi, gia, breki, usukani. Hili halichukui muda mrefu, na ukijifunzia gari la otomatiki linakuwa fupi zaidi. La pili ni la macho na akili: kumwona bodaboda anayekuja kushoto kwako wakati unataka kukata kona, kujua kwamba daladala iliyo mbele itasimama ghafla hata kama haijawasha indiketa, kusoma nani ana haki ya kupita kwenye kipilefti. Somo hili halina njia ya mkato, na otomatiki haikusaidii kitu.

Tena la pili linasubiri la kwanza. Mtu ambaye kichwa chake chote kipo kwenye klachi hana nafasi ya kumwaza mtoto anayeweza kuchomoka nyuma ya kibanda cha chipsi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari linakula karibu meta 14 kila sekunde. Ukishangaa sekunde moja tu, meta 14 zimekwisha na mguu haujagusa breki. Ndiyo maana wiki mbili zinadanganya: zinakwisha pale pale mikono inapoanza kuzoea, kabla macho hayajaanza kazi. Na wengi tunajifunzia uwanjani au barabara za mtaani, saa nne asubuhi, jua linawaka. Siku ya kwanza kuendesha usiku kwenye mvua, huku lori linakumulika taa kali usoni, mtu anakuwa peke yake na leseni yake mfukoni.

Najua utasema hela. Ni kweli, bumu halitoshi hata msosi, achilia mbali saa 40 za kujifunza gari. Lakini hakuna anayekulazimisha kumaliza ndani ya likizo moja. Alama za barabarani unaweza kuzisoma mwenyewe kitandani bila kulipa mtu. Saa za usukani unaweza kuzigawa, ukachukua saa moja au mbili kila Jumamosi kwa semista nzima, badala ya kuzibana zote ndani ya siku kumi. Leseni haina tarehe ya mtihani wa taifa, itakusubiri.

Utasema pia kwamba mjomba wako alijifunza siku tatu kwenye pikapu ya shambani na hajawahi kumgonga mtu. Mwulize vizuri. Siku tatu alijua kulitoa gari mahali lilipo. Kuendesha alijifunza miaka iliyofuata, kwenye barabara ambazo hazikuwa na bodaboda wala bajaji kila upande.

Kwa nini nalishupalia jambo hili? Kwa sababu Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Huo ndio umri wetu. Na dereva mpya hapandi gari peke yake. Abiria wake wa kwanza huwa ni mama yake, au washkaji wanne wa chumbani wanaokwenda Bagamoyo siku ya mahafali.

Kwa hiyo, ukiniuliza muda, nitakujibu: kwa wengi wetu ni saa 40 kwenda juu, yaani miezi mitatu au minne, na humo ndani ziwemo za usiku, za mvua, za mlima na za foleni. Serikali yetu ya wanafunzi ingeweza kutusaidia sana hapa. Badala ya kuruhusu kila tangazo libandikwe chuoni, ikae na shule za udereva na kuziomba bei ya wanafunzi inayohesabiwa kwa saa ya usukani, siyo kwa wiki. Tukiwa wengi wa kulipa, watatusikiliza.

Mpaka hilo lifanyike, kabla hujatoa hela yako uliza mambo matatu: mko wangapi kwenye gari moja, utashika usukani saa ngapi kwa jumla, na kati ya hizo ngapi ni za usiku. Wasipoweza kukujibu, rudisha hela mfukoni na utafute shule nyingine.