REDIO YA UMMA IWE NA SAA YA SOMO



Bila shaka umelisikia soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Nyanya, viazi na ndizi za vijijini huletwa huku. Malori hufika usiku. Alfajiri wachukuzi hubeba magunia, na mama lishe huwasha moto. Redio husikika vibandani mchana kutwa. Je, inatufundisha nini? Na nani anayepanga?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Mwaka 1965 Serikali iliichukua redio na kuiweka chini ya wizara. Ikaitwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Serikali ndiyo iliyopanga vipindi.

Redio hiyo ilifundisha. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilishirikiana na Redio Tanzania na Wizara ya Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Kisha wakashika majembe. Walichimba vyoo. Walifyeka majani na kufukia madimbwi ya mbu. Somo la redio liligeuka kuwa kazi.

Kwa nini somo hilo lilifaulu? Kwanza, saa yake ilijulikana. Pili, kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu. Redio peke yake haikutosha. Lakini palikuwa na upungufu. Mada ilichaguliwa na wakubwa. Msikilizaji alipokea tu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Redio za watu binafsi zilianza miaka ya 1990, na sasa ni nyingi. Redio ya umma iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, yaani TBC, lililoanzishwa mwaka 2007. Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mamlaka hiyo hutoa leseni, husimamia maudhui, na huadhibu kituo kinachovunja kanuni.

Kazi hiyo ni njema, lakini haitoshi. Kumzuia mtu asiseme mabaya si sawa na kumwezesha kufundisha mema. Mkulima anayepalilia tu bila kupanda hatavuna kitu.

Wengine watasema, “Serikali isiwapangie watu cha kusikiliza.” Kuhusu redio za wafanyabiashara, nakubali. Hizo huishi kwa matangazo ya biashara. Lakini redio ya umma hupata fedha za Serikali. Mchukuzi wa Kariakoo akinunua sukari au sabuni, analipa kodi. Naye ana haki ya somo.

Wengine watasema muda haupo. Hiyo si kweli. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Masomo ya wanafunzi yalitangazwa katika redio na televisheni. Palipokuwa na haja, muda ulipatikana. Je, haja ya watu wazima ni ndogo?

Maoni yangu ni haya. Kanuni iwekwe kwamba redio ya umma iwe na saa ya somo la watu wazima kila siku. Saa hiyo isiuzwe kwa tangazo wala kuhamishwa ovyo. Somo lisiwe saa nne asubuhi. Saa hiyo mkulima yuko shambani, na mama lishe yuko jikoni. Liwe jioni, watu wakiwa wamepumzika. Tena wasikilizaji waulizwe wanataka kujifunza nini: mikopo, mbolea, au ugonjwa wa sukari.

Nasi tusikae kimya. Sheria ile ya mwaka 2003 iliunda pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Kazi yake ni kupeleka mbele maoni ya watumiaji kama sisi. Wewe sasa unajua kuandika. Darasa lenu liandike barua. Asiyesema hujulikanaje anachotaka?

Maswali ya kujadiliana

1. Ni saa ngapi watu wa kijiji chenu huweza kusikiliza redio?
2. Mngependa redio iwafundishe nini? Kwa nini?
3. Andikeni pamoja barua fupi kueleza maoni yenu.