Mawe ya mkojo kwa mbuzi wa kunenepesha: kosa liko kwenye hori, si kwa mbuzi



Leo sitaanza na mafundisho, nitaanza na kukiri. Miaka michache iliyopita nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikawaambia watu kwamba mbuzi wa kunenepesha anataka pumba, na akimaliza aongezwe pumba. Sikusema neno juu ya maji, chumvi wala chokaa. Mfanyabiashara mmoja alinisikiliza kuliko wote. Alinunua mbuzi kumi waliohasiwa wangali wadogo, akawafungia bandani kusubiri Idd. Akawapa pumba za mahindi asubuhi na jioni, na maji ndoo moja kwa siku kwa mbuzi wote.

Wiki ya sita akanipigia simu: "Bwana mifugo, mbuzi wangu mmoja amefunga choo. Anajikamua tangu jana. Nimempa mafuta ya kula na magadi, hajapata nafuu."

Nilipofika alikuwa ameshakufa. Tulipompasua tulikuta tumbo limejaa mkojo na kibofu kimepasuka. Kwenye ncha ya njia ya mkojo kulikuwa na chembe ngumu kama mchanga wa mtoni. Siku tatu baadaye akafa wa pili. Mbuzi wale hawakufunga choo, walifunga mkojo. Na chanzo chake kilikuwa ushauri wangu wa nusu.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao baadhi ya wenzangu wanaona nautilia chumvi: mtu asiye na maji ya kutosha na asiyejua kusawazisha pumba, bora asinenepeshe mbuzi dume ndani ya banda. Awachunge tu. Faida itakuwa ndogo, lakini hatazika mtaji.

Kwa nini dume, na kwa nini aliyehasiwa

Jike naye hupata mawe, ila njia yake ya mkojo ni fupi na pana, hivyo chembe hutoka. Ya dume ni ndefu, nyembamba, ina mapindo, na mwishoni kuna kijimrija kidogo kama mnyoo. Chembe ndogo sana inatosha kuziba hapo.

Dume aliyehasiwa mapema ana hatari zaidi, kwa sababu njia hiyo hupanuka kwa nguvu ya homoni za kiume. Ukimhasi akiwa na wiki mbili tatu, inabaki nyembamba maisha yake yote. Wanaonunua mbuzi mnadani mkisifia waliohasiwa wachanga, mjue mnanunua na hatari hiyo. Maoni yangu ni kwamba dume wa kunenepesha asihasiwe kabla ya miezi mitatu, na ikiwezekana asogezwe kuelekea miezi sita. Kuchelewa nako kuna gharama. Mbuzi mkubwa huumia zaidi, kwa hiyo kazi afanye mtaalamu mwenye dawa ya ganzi, na madume watengwe na majike wakati wa kusubiri. Kondoo dume wana tatizo hilihili.

Pumba si adui, adui ni pumba peke yake

Mwili wa mbuzi unataka kalsiamu na fosforasi kwa uwiano. Katika chakula chote anachokula kwa siku, lenga kalsiamu iwe mara mbili ya fosforasi. Sasa tazama tunachowapa. Punje ya mahindi ina fosforasi karibu mara kumi ya kalsiamu yake. Pumba za mahindi, za ngano na za mpunga zote zimeegemea upande huohuo, na mashudu ya alizeti hayasaidii kurekebisha hilo. Fosforasi ya ziada hutoka kwenye mkojo, inakutana na madini mengine, inaganda. Maji yakiwa machache, inaganda haraka.

Dawa ya kwanza ni majani. Mbuzi akitafuna majani makavu na mabichi hutoa mate mengi, na fosforasi nyingi hutokea kwenye kinyesi badala ya mkojo. Majani ya kunde, maganda na mabua ya maharage, lusina na gliricidia yana kalsiamu nzuri ya kusawazisha pumba. Lakini usivuke upande wa pili ukampa lusina tupu, maana kalsiamu ikizidi nayo hutengeneza mawe ya aina yake. Changanya na nyasi. Nyasi na majani yawe ndiyo chakula, pumba iwe nyongeza.

Dawa ya pili ni chokaa ya mifugo. Kwenye kila kilo 100 za chakula cha kuchanganya weka kilo moja hadi mbili. Hapa kuna kosa ninaloliona kila mwezi. Mtu anaenda duka la pembejeo anaomba "madini ya mifupa" anapewa DCP. DCP ina kalsiamu, lakini ina na fosforasi nyingi. Kwa mbuzi anayekula pumba ni kuongeza kuni kwenye moto. Omba chokaa ya mifugo kwa jina lake, na usome mfuko.

Maji na chumvi kwanza

Kama utachukua jambo moja tu katika makala haya, chukua hili. Mkojo mwingi na mwepesi huosha chembe kabla hazijashikana. Mbuzi wa banda awe na maji safi mbele yake muda wote. Mbuzi ni mchaguzi. Ndoo ikiwa na kinyesi au majani yaliyooza, anaweza kushinda na kiu kuliko kunywa. Osha chombo kila siku, kiinue juu kidogo, kiweke kivulini.

Chumvi ya kawaida humfanya anywe. Changanya kilo moja hadi tatu kwenye kila kilo 100 za chakula cha kuchanganya, uanze na kidogo. Jiwe la kulamba ni zuri, lakini wapo wanaolamba na wapo wasiolamba, ndiyo maana napendelea chumvi iwe ndani ya chakula. Onyo: ukiweka chumvi bila maji ya uhakika, umemuumiza zaidi. Kama maji ni ya kununua kwa dumu, yaweke kwenye hesabu ya mtaji tangu siku ya kununua mbuzi. Wengi huhesabu pumba na usafiri, maji wanayasahau.

Habari ya tindikali kwenye mkojo

Tindikali hupimwa kwa namba kuanzia 0 hadi 14, na 7 ndiyo katikati. Mkojo wa mbuzi kwa kawaida uko juu ya 7, yaani upande wa magadi. Mawe yanayotokana na pumba hupenda kuganda upande huo. Ukishusha mkojo ukawa kati ya 6 na 6.5, mengi yanashindwa kujijenga. Karatasi za kupimia si ghali. Kinga mkojo kidogo saa chache baada ya mbuzi kula, chovya, linganisha rangi.

Kinachotumika kushusha ni amoniamu kloraidi ya kulishia mifugo. Kiasi ni kama gramu 500 kwa kila kilo 100 za chakula chote, majani yakiwemo, yakikaushwa. Au kwa mbuzi mmoja, miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, maana yake mbuzi wa kilo 30 apate gramu 6. Pima kwa mizani ndogo, usikadirie kwa kiganja. Ladha yake ni mbaya, molasi kidogo inasaidia. Itumike kipindi cha kunenepesha tu. Ukiiendeleza miezi mingi mwili huizoea, na hata mifupa hupoteza kalsiamu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mbolea si kirutubisho hiki. Nimewahi kuulizwa kama SA, CAN au urea inaweza kutumika kwa kuwa "nayo ina amonia". Hapana. Urea ikizidi kidogo inaua mbuzi siku hiyohiyo. Kama duka halina amoniamu kloraidi ya mifugo, acha kabisa, rudi kwenye maji, chumvi, majani na chokaa. Hizo nne zina uzito kuliko hiyo moja.

Na magadi? Yana kazi yake, lakini yanausukuma mkojo kulekule kwenye mawe. Mazoea ya kutia magadi kwenye chakula cha dume wa kunenepesha tuyaache.

Tena si mawe yote yanatii tindikali. Mbuzi wanaochungwa kwenye nyasi kavu wanaweza kupata mawe ya silika, na hayo hayajali mkojo uko upande gani. Kinga yake kubwa ni maji na chumvi.

Ukiona dalili, usipoteze siku

Dume anasimama kama anataka kukojoa, anajikamua, analia, anachezesha mkia, anapiga tumbo kwa mguu, anasaga meno. Mkojo unatoka matone, pengine na damu, au hautoki kabisa. Nywele za penye uume zina chembe kavu kama chumvi. Haraka tazama chini yake: kama kinyesi kipo na mkojo haupo, si kufunga choo.

Usimnyweshe maji kwa nguvu. Usimpe dawa ya kuongeza mkojo wala amoniamu kloraidi, njia imeziba na kibofu kitapasuka. Ondoa pumba, piga simu kwa daktari wa mifugo. Jiwe likiwa kwenye kile kijimrija cha mwisho, daktari anaweza kukikata na mkojo ukatoka, ingawa mara nyingi mawe mengine yapo nyuma yake. Kama daktari yuko mbali, uamuzi wa busara ni kumchinja mapema mbele ya mkaguzi wa nyama, kabla hujampa dawa yoyote. Ukisubiri kibofu kipasuke, utamwona ametulia, utafikiri kapona. Hajapona. Atazubaa, tumbo litajaa, na nyama ile itanuka mkojo. Kumuuzia mtu nyama hiyo ni dhambi na ni hatari.

Na mmoja akiugua, usimtazame yeye tu. Wenzake wamekula hori moja. Badilisha chakula chao siku hiyohiyo.

Kuna anayeuliza kama dawa hii inamfaa binadamu mwenye mawe ya figo. Haimfai. Mawe ya watu ni ya aina nyingine mara nyingi, na vipimo vyake ni vya kituo cha afya. Tunachofanana na mbuzi ni kimoja: anayefanya kazi juani anywe maji ya kutosha.

Yule mfanyabiashara bado ananenepesha. Ana pipa la maji bandani, ananunua maganda ya maharage kwa majirani, na pumba amepunguza nusu. Mbuzi wake wanachelewa kufika uzito kwa wiki mbili tatu. Aliniambia, "Bwana mifugo, bora nichelewe na wote kumi." Sina la kuongeza. Kabla ya kununua mbuzi wa msimu ujao, hesabuni kwanza ndoo za maji.