Mlango wa Mpaka ni Mahakama

Wananchi wapenda haki, sisi tuishio Kitale na Bungoma hatuujui mpaka kwa ramani tu. Barabara ya Kitale yafika Suam, ya Bungoma yafika Lwakhakha, na ng'ambo wako wajomba na mashemeji zetu. Mhalifu naye hupita njia hizo hizo. Hatumtetei. Aliyeua au kuiba ng'ombe upande mmoja, akakimbilia wa pili, sharti arudishwe akajibu mashtaka. Tunalouliza ni hili: nani mwenye mamlaka ya kumtoa?

Sheria ya Kenya imejibu. Uganda ikimtaka mtu, huleta hati ya kumkamata. Hakimu wa Kenya huiidhinisha, naye mtu huyo hufikishwa mbele ya hakimu kabla ya kuvushwa. Hapo uzito wa kosa hupimwa. Mauaji si sawa na kosa dogo la kutozwa faini. Kosa likiwa hafifu mno, au ombi likikosa nia njema, mahakama yaweza kukataa. Na kwa kosa la kisiasa, mtu hatolewi.

Mlango huo ukirukwa, kinga yote huanguka. Julai 2024 wanachama 36 wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, walikamatwa Kisumu, wakapelekwa kwao na kushtakiwa kwa ugaidi. Tarehe 16 Novemba mwaka huo Dkt. Kizza Besigye alitekwa Nairobi. Siku nne baadaye alisimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Kampala. Hakimu wa Kenya hakuulizwa. Ikiwa kiongozi ajulikanaye hivyo alivushwa kimyakimya, mkulima wa Endebess au mchuuzi wa Chwele atasalimikaje?

Waumini na wakumbuke Matendo ya Mitume: hata Festo, liwali wa Kirumi, hakukubali kumtoa Paulo kabla ya kukabiliana na washtaki wake.

Basi jirani akikamatwa kwa madai ya Uganda, tuulize: hati iko wapi, na hakimu ni nani? Katiba ya 2010 yaamuru aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika saa 24, au siku ya mahakama ifuatayo. Asipofikishwa, twende Mahakama Kuu, iliyopo Kitale na Bungoma, tudai aletwe mbele ya jaji. Tukinyamaza leo kwa kuwa aliyechukuliwa ni mgeni, kesho tutakapochukuliwa sisi, nani atatusemea?