Dipoziti Kwanza, Mtoto Baadaye?



Fungua simu yako sasa hivi, ingia kwenye magrupu yako ya WhatsApp, uhesabu mabango ya mchango. Picha ya mtoto ana mpira puani. Chini yake nambari ya kutuma pesa na kiasi kinachotafutwa. Mara nyingi kuna mstari mmoja unaosema hospitali inataka kitu fulani kilipwe ndio mtoto apokelewe. Wewe unatuma mia mbili, unaandika "Mola amponye", unasambaza kwa grupu lingine, basi. Mia mbili si mbaya, Mola akulipe. Lakini kati ya watu wote walio kwenye grupu hilo, ni nani ameuliza kwa nini huyo mtoto mpaka saa hii hajashikwa na daktari? Nani alimwambia mamake pesa kwanza? Kwa sheria ipi?

Kwa sababu sheria ya nchi hii inasema kinyume. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haisemi mtu mwenye kadi, wala mtu aliyelipa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Halafu Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, ikaja ikaeleza dharura ina nini ndani yake: huduma kabla ya kufika hospitali, kuiweka sawa hali ya mgonjwa ili asipotee, na kama pale ulipofika kwanza hawana vifaa au uwezo, basi ni kazi YAO kupanga apelekwe panapofaa. Hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu ya dharura ikikataa, imetenda kosa, na faini yake inafika shilingi milioni 3. Hapo hakuna kubagua: ya serikali, ya kibinafsi, ya kanisa, na zetu za Waislamu pia zimo. Na tangu 2013 tuna Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa unaosema dharura itatibiwa katika kituo chochote bila kujali kama mgonjwa anaweza kulipa.

Sasa tuwache karatasi tuingie barabarani.

Uko Rhonda, saa nane usiku. Mtoto wa miezi kumi amekuwa na homa tangu jioni, na sasa amepatwa na degedege, macho yamegeuka. Tuktuk hakuna, unapata boda. Unafika geti la kwanza. Mlinzi anakuuliza mnalipa pesa taslimu ama SHA. Mlinzi! Mtu aliyeajiriwa kufungua geti ndiye anayepima nani ni mgonjwa. Ukipita hapo unakutana na karani dirishani, anakwambia mtambo wa SHA umekwama, leta elfu kumi tuanze. Huna. "Basi jaribu kwingine." Unarudi kwa boda, mtoto kifuani, baridi ya Nakuru unaijua. Geti la pili wanataka kitambulisho cha baba, na baba yuko safari Salgaa, simu imezimwa. Ukifika Level Five, ile wazee wetu mpaka leo wanaiita PGH, imeshapita saa nzima na nusu. Hapo nako foleni, kwa sababu hospitali hiyo moja inabeba Nakuru yote, na Baringo, na Nyandarua, na Samburu, na Narok, wote wakitumwa hapo.

Uliza mtaani kwako kama nimeongeza chumvi.

Na hayo ni ya mtu wa Rhonda, aliye kilomita chache tu kutoka hospitali kubwa. Yule wa Marigat ana karibu kilomita 100 za kuja Nakuru. Yule wa Olenguruone anashuka na barabara ambayo mvua ikinyesha ni Mola tu. Akifika amechoka, pesa imeishia kwa gari, halafu anaambiwa dipoziti.

Wanaosema "saa moja tu" hawajui ugonjwa wa mtoto unavyokwenda. Mtu mzima ana akiba mwilini, mtoto mchanga hana. Nimonia ikimkaba anahitaji oksijeni sasa, si baada ya risiti. Homa ya uti wa mgongo inataka dawa ya sindano mapema kabisa, na kila kuchelewa kunaweza kumwachia mtoto uziwi au ulemavu hata akipona. Aliyeharisha mpaka macho yameingia ndani anahitaji maji, ya mdomo au ya mshipa, kabla damu haijashindwa kuzunguka. Wahudumu wenyewe wanalijua hili kuliko mimi na wewe. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kupokea watoto mahututi, na Wizara ya Afya hapa Kenya ina kijitabu chake cha matibabu ya watoto. Mpangilio ni huu: mtoto akiingia mlangoni unaangalia njia ya hewa, kupumua, damu inazungukaje, fahamu iko ama haiko, degedege, upungufu wa maji. Ukikuta tatizo unaanza kutibu hapo hapo. Dirisha la karani halimo kwenye mpangilio huo. Liliwekwa na mwenye hospitali.

Wengi wenu Oktoba 2015 mlikuwa bado shule ya msingi, kwa hivyo wacha niwakumbushe. Kijana mmoja aligongwa na gari nje kidogo ya Nairobi. Alikaa ndani ya ambulensi saa 18. Hospitali kubwa ya serikali haikuwa na kitanda cha wagonjwa mahututi, upande wa kibinafsi wakataka dipoziti, ambulensi ikazunguka na mtu anapumua kwa mashine. Akafa. Nchi nzima ikalia, magazeti yakaandika, viongozi wakaapa haitatokea tena. Katiba wakati huo ilikuwa na miaka mitano. Leo ina zaidi ya kumi na tano, na sheria ya milioni 3 juu yake. Jiulize ni lini mara ya mwisho ulisikia hospitali imelipishwa faini hiyo. Adhabu isiyotolewa ni mapambo tu ya kitabu, na wenye hospitali wanajua hivyo.

Wengine wanaogopa kumpeleka mtoto kabisa kwa sababu wamesikia atazuiliwa mpaka bili ilipwe. Hiyo nayo haina msingi. Mwaka huo huo wa 2015, mwezi wa Septemba, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua katika kesi ya kina mama waliofungiwa Pumwani baada ya kujifungua: kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha katiba. Hospitali ina njia za kudai pesa zake kama mdai mwingine yeyote. Kumgeuza mtu rehani si mojawapo.

Najua jibu la wenye hospitali, na si jibu la kipuuzi. Wanasema sisi si shirika la misaada, serikali ina madeni yetu, tukitibu kila mtu bure tutafunga. Ni kweli wanadai. Hospitali za kibinafsi chini ya chama chao cha RUPHA zilisimamisha huduma za SHA Februari 2025 kwa sababu ya madeni hayo, mengine yakiwa ya tangu NHIF. Lakini tusichanganye mambo. Sheria haikusema utibu bure mpaka mwisho. Imesema umuokoe kwanza, bili itafuata. Na pesa za dharura zina mfuko wake: Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda mfuko wa dharura, magonjwa sugu na mahututi, na moja ya kazi zake ni kulipia dharura. Kama mfuko huo haulipi, au unalipa kwa kuchelewa, ugomvi huo ni wa hospitali na Afya House. Mama wa Rhonda asiwekwe katikati. Wakubwa wawili wanadaiana, na anayeshikwa shati ni mtoto wa miezi kumi!

Tena usimtukane nesi. Nesi wa zamu ya usiku mara nyingi yuko peke yake na wodi imejaa, na amri ya "pesa kwanza" hakuiandika yeye. Tafuta aliyeiandika.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. SHA inaanza na kitambulisho cha mzazi, mtoto anaandikwa chini yake. Sasa sisi tunajua ni nyumba zipi kijana anafika miaka 25 bado anaambiwa alete kitambulisho cha babu. Machi 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa tangu iundwe, na uamuzi huo ulihusu watoto wa Kinubi wa Kenya. Ilisema Kenya ilivunja haki zao kwa kuwaacha bila uraia wa uhakika na kwa ubaguzi, na haki ya afya ilikuwa kwenye orodha. Wanubi si watu wa Kibra peke yake. Wako hapa kwetu, nenda Eldama Ravine uone. Mtoto wa mzazi aliyenyimwa kitambulisho anakuja kunyimwa tena dirishani kwa sababu mzazi hana kitambulisho. Lakini dharura haihitaji kitambulisho. Hata mgeni aliyeshuka kwenye basi jana hanyimwi. Kifungu cha 43 kinasema "mtu", hakisemi Mkenya.

Na sisi wenyewe tuna yetu, tusijifiche. Degedege ikishika, kuna nyumba bado zinaanza na kombe na kutafuta nani ametupa jicho. Dua ni haki, isome, lakini isome ndani ya tuktuk. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, aliyelegea haamki, ambaye kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, huyo haongojewi kupambazuke. Mchanga wa chini ya miezi miwili akichemka mwili, ondoka nyumbani sasa.

Ukifika getini, usianze na pesa. Ukianza na "tunaweza kulipa nusu?" umeshakubali mchezo wao. Anza na mtoto: "Mtoto ana degedege, naomba aonwe sasa hivi, hii ni dharura." Sema kwa sauti ambayo wote kwenye benchi wanasikia. Wakisema hawana uwezo, wambie waiweke sawa hali yake na wapange rufaa wao, wapige simu wao kule wanakokutuma, wakupe karatasi. Wakikataa, uliza jina na cheo, angalia saa, andika. Nenda na mtu wa pili kila inapowezekana, ili mmoja abaki kubishana na mwingine aendelee na mtoto. Hili nalikazia: usikae kushinda mabishano huku mtoto anapotea mikononi mwako. Kama mlango haufunguki, ondoka, nambari 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, na haki yako utakuja kuidai kesho.

Lakini kesho uidai kweli. Hapa ndipo tunapofeli, na hapa ndipo mlipo ninyi vijana wenye simu na wakati. Mtoto akipona tunashukuru tunasahau. Akifa tunasema ajali imefika. Ajali imefika, hatubishani na Mola, lakini aliyefunga geti ana hesabu yake hapa hapa duniani. Malalamiko dhidi ya hospitali na madaktari yanapelekwa KMPDC. Yanayohusu ofisi za umma yanapelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, na ya haki za binadamu KNCHR. Kulalamika hakuhitaji wakili. Kunahitaji tarehe, saa, jina, na ile karatasi uliyoomba.

Michango tuendelee nayo, kwa sababu kuna upasuaji na dawa ambazo hakuna sheria itakayozileta kesho asubuhi. Ila msikitini Ijumaa, kabla ya kapu kupita, imamu aulizwe swali moja na aliyeleta tangazo naye aulizwe: mtoto ameshapokelewa? Kama bado, watu watano wasimame waende hospitalini kwanza, wengine wabaki kuchanga. Sadaka ya mjane wa Bondeni haikuchangwa iwe ada ya kufunguliwa geti ambalo kwa sheria lilikuwa wazi.

Na tuna kazi ya pamoja. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Tunataka bunge la kaunti ya Nakuru lisimamie mambo mawili. La kwanza, kila hospitali iliyo ndani ya kaunti ibandike mlangoni, kwa Kiswahili kinachosomeka kutoka kwenye boda, kwamba dharura inatibiwa kabla ya malipo, na chini yake nambari ya simu ya kulalamika inayoshikwa usiku. La pili, kamati ya afya iitishe taarifa ya kila mtoto aliyefika mahututi akarudishwa mlangoni. Ombi halina nguvu bila ushahidi. Kama umewahi kurudishwa, wewe au dadako au jirani, tuandikie kwenye kisanduku cha ujumbe cha ukurasa huu: tarehe, saa, mtaa, uliambiwa nini, na nani alikwambia. Jina la mtoto na picha yake usitume.