Mleta Jibu Alete na Swali Lake

Kalamu yangu leo haitazungumzia ngeli wala methali, ingawa kisa chenyewe kilianzia kwenye shairi. Nataka kutoa maoni yangu kuhusu ile programu tunayoitumia kutunzia miswada ya jarida hili, na hasa kuhusu namna tunavyoiuliza maswali. Mimi naona tunaiuliza ovyo ovyo, na mwenzetu mmoja ameshaumia kwa sababu hiyo. Aliyeuliza ni mimi.

Programu hiyo ni Mercurial. Kila mhariri akimaliza kurekebisha mswada huusajili, na programu huweka toleo jipya pamoja na jina lake, tarehe na maelezo mafupi. Toleo la zamani hubaki palepale. Ilianzishwa na Olivia Mackall mwezi wa Aprili 2005, mwezi uleule ambao Linus Torvalds alianzisha Git, baada ya waundaji wa Linux kunyimwa BitKeeper waliyokuwa wakiitumia bila malipo. Amri zake huanza na hg, na wapenzi wa kemia wameshatambua kuwa hiyo ni alama ya zebaki. Haihitaji intaneti, ndiyo maana ilitufaa sisi wenye kompyuta moja tu ya chama.

Sasa, kuhifadhi ni jambo moja na kupata ulichohifadhi ni jambo jingine. Ghala letu lina matoleo zaidi ya 200. Nani atayasoma yote? Ndipo inapokuja lugha ya maswali. Tangu Mercurial 1.6 iliyotoka Julai 2010, mtu anaweza kuchagua matoleo kwa lugha ndogo iitwayo revseti. Aliyesoma seti katika hisabati hatapata taabu. Kuna seti ya matoleo ya mtu fulani, seti ya yaliyogusa faili fulani, seti ya yaliyosajiliwa kati ya tarehe hii na ile. Unaziunganisha kwa maneno matatu, and, or na not, yaani "na", "au" na "si". Basi.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba lugha hii inajua ukoo. Kila toleo lina mzazi, na likiwa limeunganisha kazi za watu wawili lina wazazi wawili. Unaweza kuuliza wazazi wake, watoto wake, na hata wahenga wake wote. (Katika Mercurial toleo huhesabiwa kuwa mmoja wa wahenga wake lenyewe. Mwalimu wa fasihi atacheka.) Haya si mapambo. Toleo tulilolipeleka kwa mchapishaji mwaka jana tulilipa jina chapa2025. Kwa hiyo nikiandika

hg log -r "author('halima') and not ancestors('chapa2025')"

ninapata masahihisho yote ya Halima ambayo hayakufika kwenye jarida mlilolisoma. Jasho la mtu lililosahaulika linaonekana kwa mstari mmoja! Kabla ya hapo tulikuwa na faili zinazoitwa "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho hii ndiyo", na hakuna aliyeweza kukuambia ipi ni ipi.

Lakini wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hawakutuambia kuhusu anayeuliza vibaya.

Jarida la mwaka jana lilipotoka, shairi moja la tarbia lenye beti 6 lilichapishwa likiwa na beti 5. Ubeti uliokatwa ulikuwa wa tamati, ule wenye jina la mtunzi. Mtunzi alilia mbele ya watu, na sikumlaumu. Kamati ikataka kujua ni nani aliyefanya hivyo. Kwa kuwa nilikuwa najifanya fundi, nikaitwa. Minong'ono ilikuwa imeshaenea, ati ni Ali, kwa vile yeye na mtunzi walikuwa hawasikizani. (Majina yote katika makala haya nimeyabadilisha, ila herufi zinagongana vilevile.) Nikaketi, nikaandika:

hg log -r "author('ali') and file('mashairi/tarbia.txt')"

Nikaiamuru itoe namba na maelezo tu, bila majina, ili orodha itoshee karatasi moja. Majina ya nini, nikajiambia, nimeshaomba ya Ali peke yake. Zikatoka namba 9. Nikazifungua moja moja kwa amri inayoonyesha mistari iliyoongezwa na iliyotolewa, na katika mojawapo ubeti wa mwisho ulikuwa umetoka. Nikampelekea mwenyekiti karatasi. Ali alisema hakuligusa shairi lile tangu wiki ya kwanza. Nani angemsikiliza? Kompyuta ilikuwa imesema. Akatolewa kwenye uhariri, na darasani wakamwita Mkata Tamati.

Wiki tatu baadaye nilikuwa natafuta kazi ya mtu mwingine, safari hii majina yakionekana, nikaliona toleo lile. Lilikuwa la Salim. Kumbe author hutafuta herufi popote ndani ya jina, bila kujali kubwa wala ndogo. Tazama mwenyewe: h-ALI-ma. S-ALI-m. Katika zile namba 9, za Ali zilikuwa 2 tu. Tena Salim hakukusudia ubaya. Alikuwa amefanyia kazi nakala ya zamani huko saiba, akaileta kwa flashi, akaifunika ile mpya.

Mlezi wa chama alimsafisha Ali jina mbele ya wanachama wote, lakini Ali hajarudi mpaka leo ninapoandika. Nikikutana naye njiani tukienda nyumbani, ananiamkua vizuri tu na kupita.

Swali sahihi lingekuwa author('re:^ali'), ambapo ile alama ya kofia inamaanisha jina lianze na herufi hizo. Hata hivyo, tukimpata mwanachama anayeitwa Aliya, naye ataingia kwenye wavu. Aidha kuna mtego mwingine. Mercurial haimjui mtu kwa sura. Jina ni lile lililoandikwa kwenye mipangilio, na katika kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi, ukisahau kuandika lako utasajiliwa kwa jina la aliyekutangulia. Kwa hiyo hata orodha iliyo safi inakuambia tu jina lililoandikwa, haikuambii vidole vilikuwa vya nani.

Wapo wanaosema tuiache programu hii, turudi kwenye daftari. Sikubaliani nao hata kidogo. Daftari lisingeweza kumtoa Ali hatiani. Kumbukumbu zilezile nilizozisoma vibaya ndizo zilizomwokoa nilipozisoma vizuri. Wapo pia wajuaji wanaosema kosa ni la Mercurial, tuhamie Git kama dunia nzima. Ni kweli wengi wamehama. Waundaji wa Python walihama mwaka wa 2017, na wa Firefox wakafuata mwaka wa 2025. Lakini huko nako ukiuliza matoleo kwa --author=ali, Git hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Itakuletea Salim na Halima, na Ali mwenyewe aliyeandika jina lake kwa A kubwa haitamwona, labda anwani yake ya barua pepe iwe na herufi hizo ndogo! Mitego haiishi kwa kubadilisha programu. Isitoshe lugha hii ya seti haijafa. Jujutsu, ambayo ni programu changa zaidi, imeichukua.

Kwa maoni yangu, ubaya ulikuwa kwamba kamati iliona jibu bila kuliona swali. Karatasi yangu ilikuwa na namba 9 na haikuwa na ule mstari uliozileta. Kama ningeuandika juu yake, hata Halima mwenyewe, ambaye alikuwa kwenye mkutano ule, pengine angeona jina lake limejificha mle ndani. Kwa hiyo naleta hoja. Yeyote atakayeleta orodha kwa kamati aandike amri yake kamili juu ya karatasi, na mtu wa pili aijaribu kwanza kwa jina ambalo jibu lake tunalijua. Tena lugha hii tufundishwe wahariri wote. Nikiwa mimi peke yangu ninayejua kuuliza, nani ataniambia nimekosea?

Mlezi amesema hoja itajadiliwa muhula ujao. Mimi sikungoja. Nimeziandika amri zote mbili, ile mbaya na ile nzuri, nikazibandika ukutani juu ya kompyuta. Chini ya ile mbaya nimetia sahihi yangu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu