Namba Haiko Mfukoni, Iko Daftarini

Kuna uongo mmoja unaorudiwa kila mara mwananchi anapoibiwa fedha kwa njia ya simu, nao ni kwamba ameibiwa kwa sababu ya uzembe wake. Uongo huo husemwa kwa upole na watu waliovaa vizuri, walioketi nyuma ya meza za vioo, na humalizika kwa shauri la kwenda polisi kuchukua hati ya upotevu. Mwalimu aliyesafiri kutwa nzima kutoka kijijini hadi makao makuu ya wilaya, laini yake ikiwa imekufa ghafla asubuhi na akiba yake imekwisha adhuhuri, huambiwa maneno hayo, akayapokea, akarudi nyumbani akijilaumu. Hajui kwamba aliyemlaumu ndiye mwenye daftari ambamo wizi ulifanyika.

Jambo hili lahitaji kuelezwa barabara, maana wasioelewa namna kazi inavyofanyika hudanganywa kwa urahisi. Kadi ile ndogo inayochomolewa kwenye simu janja kwa pini si namba ya simu. Ndani yake mna vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni namba ya utambulisho yenye tarakimu zisizozidi 15, ambayo kwa kadi za Tanzania huanza na 640. Cha pili ni ufunguo wa siri, ambao kampuni nayo inao katika mitambo yake. Simu inapowashwa, mtambo wa kampuni huuliza swali, kadi hujibu kwa ule ufunguo, na jibu likilingana mlango hufunguliwa. Namba ambayo jamaa, mwajiri na benki humpigia mtu imeandikwa katika daftari la kampuni, mkabala na utambulisho wa kadi yake. Hata kama namba hiyo imeandikwa pia ndani ya kadi, maandishi hayo hayaamui lolote.

Basi kubadilisha laini maana yake nini? Ni mtu mwenye ruhusa ya kulifungua daftari lile kufuta utambulisho wa kadi ya zamani na kuandika wa kadi mpya. Hapo hapo kadi iliyomo katika simu ya mwenyewe hugeuka plastiki tupu, na kadi mpya, popote ilipo na kwa yeyote aliye nayo, huanza kupokea simu zake, ujumbe wake na namba za siri za muda zinazotumwa na benki. Mwizi wa namna hii hana haja ya kuugusa mfuko wa mtu. Anachohitaji ni kalamu ya kuandika katika daftari, na kalamu hiyo haiko mikononi mwa mwalimu wa Liwale wala karani wa Sumbawanga.

Zamani hasara ya kupoteza namba ilikuwa usumbufu tu. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, namba imekuwa mkoba, na sasa imekuwa muhuri. Kwa namba hiyo mtumishi hufungua akaunti ya benki akiwa kitandani, hulipa ada na ankara za serikali, hukopa na kurejesha. Akisahau neno la siri la barua pepe au la mfumo wa kazi, namba ya muda hutumwa kwenye simu, na yeyote anayeishika laini hiyo huaminiwa kuwa ndiye mwenyewe. Kumpa mtu mwingine laini ya mtumishi ni sawasawa na kumpa saini yake na ufunguo wa kabati lake la ofisini kwa mara moja.

Mwananchi alikwisha kutimiza wajibu wake. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na mwisho wake ulikuwa tarehe 31 Desemba mwaka ule, kabla Rais Magufuli hajaongeza siku 20, hadi tarehe 20 Januari 2020. Wanaokumbuka foleni za vitambulisho vya Taifa za miezi ile hawahitaji kusimuliwa. Wazee waliosuguliwa vidole na jembe maisha yao yote waliambiwa alama zao hazisomeki, wakajaribu tena na tena. Wenye laini zisizosajiliwa walizimiwa. Umma ulivumilia kwa sababu uliambiwa, na kwa haki, kwamba kila laini ikiwa na mwenyewe anayejulikana, tapeli hatakuwa na pa kujificha.

Lakini usajili ule ulikabidhiwa kwa nani? Ulikabidhiwa kwa vijana wanaoketi chini ya miavuli kandokando ya stendi na masoko, wengi wao bila mshahara, wakilipwa kwa hesabu ya laini walizosajili. Hila yao mashuhuri inajulikana nchi nzima. “Mama, kidole hakijasoma, weka tena.” Mama huweka tena, naye bila kujua huwa amesajili laini ya pili kwa jina lake, ambayo huuzwa kwa mtu asiyemfahamu. Laini za namna hiyo ndizo hutumika kutuma ule ujumbe uliozoeleka wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Polisi wakimfuatilia tapeli, daftari huwaelekeza kwa mama muuza mboga. Alama za vidole zilizokusudiwa kumlinda zimegeuka ushahidi dhidi yake.

Ni rahisi kumtupia kijana huyo lawama zote, na kampuni hupenda ifanyike hivyo. Akikamatwa, hutangazwa kwamba si mwajiriwa wao. Kumbe sare aliyovaa ni yao, mashine aliyoishika imeunganishwa na mitambo yao, na kila laini aliyoiuza imeingia katika hesabu zao za wateja. Faida hufyonzwa juu, lawama hutemwa chini. Mwenye duka anayemwachia mpita njia funguo za stoo hawezi kusema kwamba mzigo ulioibwa haumhusu.

Wapo watakaodai kwamba huu ni udhaifu wa nchi maskini na watu wasiosoma. Sivyo. Tarehe 9 Januari 2024 akaunti ya tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, katika mtandao wa X, ilitangaza uamuzi kuhusu sarafu ya bitcoin ambao ulikuwa haujafanywa, na bei ya sarafu hiyo ikapanda na kushuka kwa muda mfupi. Uchunguzi ulionyesha kwamba laini iliyofungamanishwa na akaunti ile ilikuwa imebadilishwa. Mtu alikwenda dukani na kitambulisho cha bandia, akapewa kadi mpya yenye namba ya mwingine, akaitia katika simu, na namba ya muda ikamfikia yeye. Tume yenyewe ilieleza kwamba namba ile ilipatikana kupitia kampuni ya simu, wala si kupitia mitambo ya tume. Ni kweli kwamba tume nayo ilikuwa na kosa lake, kwani kufuli ya ziada ya akaunti hiyo ilikuwa imeondolewa tangu mwaka 2023. Hata hivyo, kama chombo cha dola kubwa namna ile kinaweza kunyang'anywa namba juu ya kaunta ya duka, mwalimu wa shule ya msingi analaumiwa kwa lipi?

Korea Kusini ilionyesha namna dola inavyoweza kuzungumza na kampuni. Mwezi Aprili 2025 iligunduliwa kwamba wavamizi wameiba siri za kadi za wateja wa SK Telecom, kampuni kubwa kuliko zote nchini humo, yenye wateja wapatao milioni 23. Hakuna aliyewaambia Wakorea kwamba walikuwa wazembe. Kampuni iliomba radhi hadharani, ikaahidi kuwabadilishia wateja wote kadi bila malipo, na watu wakapanga foleni hadi kadi zikapungua. Serikali iliamua kwamba waliotaka kuihama kampuni hiyo wasidaiwe faini ya kuvunja mkataba. Mwezi Agosti mwaka huo huo kampuni ikatozwa faini ya takriban won bilioni 134.8.

Wala hapana haja ya kwenda mbali namna hiyo. Ndugu zetu wa Msumbiji walipoona akiba za watu zinakombwa kwa njia hii, kampuni za simu na benki zilikubaliana jambo moja rahisi. Kabla benki haijapitisha malipo, huuliza kampuni ya simu kama laini ya mteja imebadilishwa siku za karibuni. Ikiwa imebadilishwa katika siku mbili au tatu zilizopita, malipo husimamishwa mpaka mwenyewe ahakikiwe. Swali moja la mashine kwa mashine, na wizi huo ukapungua sana. Kenya nako, Safaricom iliwapa wateja njia ya kuzifunga laini zao zisibadilishwe na wakala yeyote wa barabarani.

Kampuni zitajibu kwamba mteja hutaka huduma ya haraka, na kwamba mwalimu aliyepoteza simu sokoni anataka laini yake irudi kabla ya jua kuzama. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Laini na irudi mara moja kwa ajili ya kupiga na kupokea simu. Fedha zisubiri. Mwenye mali halali ataudhika kwa siku mbili, na mwizi atakuwa amenyimwa saa chache anazozitegemea. Tena kabla daftari halijaandikwa upya, ujumbe upelekwe kwenye kadi ya zamani kuuliza kama mwenyewe ndiye aliyeomba. Kadi iliyoibwa kweli haitajibu, au itajibiwa na mwizi, na hapo ndipo kidole na sura vina kazi. Kadi iliyo mfukoni kwa mwenyewe itapiga kelele.

Mtumishi naye ana sehemu yake, na haifai kuificha. Simu janja nyingi hufungwa kwa uso au kidole, lakini kadi iliyomo haifungwi. Mwizi hushindwa kuifungua simu, akachukua pini, akachomoa kadi na kuitia katika simu nyingine, na ujumbe wote humfuata huko. Katika mipangilio ya simu kuna namna ya kuifunga kadi yenyewe kwa namba ya siri. Akikosea mara tatu, kadi hudai namba nyingine yenye tarakimu 8 ambayo kampuni humpa mwenye laini. Ni watumishi wangapi wamefanya hivyo? Na wangapi wametumia mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya fedha, hali mwaka huo umeandikwa katika kila fomu waliyojaza? Kupiga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu huchukua dakika moja, na ujumbe wa kitapeli hupelekwa 15040. Mwalimu mkuu anayemkabidhi mtoto wa jirani simu na namba ya siri ili amtolee fedha hana haki ya kushangaa.

Hata hivyo kosa la mwenye nyumba asiyefunga dirisha halimfutii hatia bawabu anayemfungulia mwizi mlango mkubwa. Kadi yenyewe iko njiani kutoweka. Simu za iPhone 14 zilizouzwa Marekani kuanzia mwaka 2022 hazina nafasi ya kutia kadi, na utambulisho hushushwa moja kwa moja kutoka mtandaoni. Kwa simu za aina hiyo hakuna cha kuchomoa wala cha kuangusha sokoni. Kilichobaki ni daftari na mwenye daftari, na kisingizio cha kadi iliyopotea hakina pa kusimama.

Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Alama ya kidole cha mwalimu na uhusiano wake na namba yake ni taarifa za aina hiyo. Kinachokosekana ni kugeuza mzigo wa uthibitisho. Laini ikibadilishwa na fedha zikatoweka, mwalimu asitakiwe kuthibitisha kwamba hakuzembea. Kampuni ndiyo ionyeshe ni nani aliyelifungua daftari, saa ngapi, kwa mashine ipi na kwa kidole cha nani. Ikishindwa, irudishe fedha yote, nayo imtafute wakala wake kwa gharama yake yenyewe.