Aliyepotea Mjini na Aulize Penye Karai

Kila baada ya muda huzuka maneno kwamba wachuuzi wa vyakula waondolewe kando ya njia za Mombasa, ati wanauchafua mji na kuziba mapito. Wasemao hayo si watu wabaya, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Lakini sijamsikia hata mmoja wao akijiuliza: akishaondolewa yule mama wa viazi vya karai, mgeni aliyepotea atamwuliza nani njia?

Mimi ni mtu wa Lamu, nami nasema kama mgeni. Kwetu, ndugu msomaji, kupotea ni kazi ngumu. Ni kweli vichochoro ni vyembamba na kuta za mawe zimeinuka pande zote mbili, hata jua hulioni ila kipande. Lakini mji umelala juu ya mteremko, na mifereji ya maji yashuka na mteremko huo mpaka pwani. Mgeni asiyejua Mkomani wala Langoni huambiwa afuate maji tu. Atatokea baharini, na akishaiona bahari njia ameipata.

Mombasa elimu hiyo haikufikishi mbali. Kisiwa kimezungukwa na maji, na mtu aliyekuwa akiitafuta bandari ya kale aweza kujikuta Kilindini. Na majina nayo yana mambo yake. Kuna barabara katika Mji wa Kale ambayo kwenye ramani ina jina la Mbarak Hinawy, aliyekuwa Liwali. Kabla ya hapo iliitwa kwa jina la Vasco da Gama. Na mwenyeji ukimwuliza atakuelekeza kwa Msikiti wa Mandhry, basi, kwa kuwa mnara wake mweupe ulikuwapo kabla ya vibao vyote. Ndia Kuu imebaki na jina lake la Kimvita. Ukiambiwa Mwembe Tayari, usitafute mwembe.

Alasiri moja nilikuwa nikienda Kuze kuhani. Nilikuwa na simu yenye ramani, kama walivyo nayo watu wote siku hizi, na ramani hiyo ilinizungusha nyumba moja mara mbili, kisha ikanitangazia kwamba nimefika. Mbele yangu palikuwa na ukuta mtupu na paka amelala. Hapo ndipo nilipoisikia harufu ya mafuta ya moto na manjano, nikaifuata kama vile kwetu tufuatavyo maji.

Nilimkuta mama wa makamo ameketi kando ya baraza, karai liko juu ya jiko la makaa, watoto wamemzunguka na vijisenti vyao mkononi.

“Asalaam aleikum, bi mkubwa.”

“Aleikum salaam. Mgeni wewe. Wenda kwa nani?”

Nilimtajia nyumba. Hakunionyesha kwa kidole. Aliniuliza marehemu alikuwa nani wangu, na nimetoka lini Lamu, na kama nimekula. Nilipositasita akasema, “Huwezi kwenda msibani na njaa, baba. Watu wanalia, wewe macho yako kwenye sinia? Kaa utie kitu tumboni.”

Nikakaa. Na hapa sina budi kuvisifu viazi hivyo, kwani havisifiwi vya kutosha. Kiazi huchemshwa kwanza, lakini kisipondeke. Huchovywa katika rojo la unga lenye manjano na chumvi. Kisha hutumbukizwa katika mafuta yaliyokwisha kupata moto barabara. Rojo lageuka ganda la rangi ya dhahabu, na ndani kiazi chabaki laini chenye mvuke wa kuunguza ulimi wa mwenye pupa. Hupasuliwa, hutiwa chatini ya ukwaju iliyokolea pilipili, na mtu hula papo hapo. Tangu kuagiza hadi kupangusa vidole, hata dakika kumi hazipiti.

Halafu vijana wetu huniambia kwamba chakula cha haraka kimetoka Marekani! Wao huona fahari kuingia maduka ya vioo, penye kuku wa kukaanga ndani ya boksi na picha kubwa ukutani. Sikatazi mtu kula kuku. Nasema tu kwamba mwuzaji wa pale, hata awe na adabu namna gani, hajui nyumba ya nani imefiwa. Ukimwuliza Kuze iko wapi atakwambia kamwulize askari mlangoni, na askari naye ametoka mbali kuliko wewe.

Yule mama alimwita mjukuu wake anipeleke. Mtoto alinipitisha mapito ambayo ramani haiyajui, pengine kwa hodi ndani ya ua wa watu, na haikuchukua muda nikawa mlangoni penye msiba. Karai lile, mama aliniambia wakati nikila, ndilo lililowasomesha wanawe wanne.

Sote tumefundishwa chuoni haki za njia: kuitikia salamu, kuondoa udhia, na kumwongoza aliyepotea. Wakubwa wa mji hulishika sana lile la kuondoa udhia, na hawakukosea. Ikiwa mafuta machafu humwagwa mferejini, na yakatazwe. Ikiwa karai limewekwa pahali ambapo gari la zimamoto haliwezi kupita, na lisogezwe. Wapishi wakaguliwe afya, wawekewe mapipa na taa. Lakini kumng’oa mtu kwenye pembe aliyoketi miaka na miaka, akapelekwa kwenye kibanda cha soko la mbali, ni jambo jingine kabisa. Kule hajui jirani, wala hapiti mgeni wa kuongozwa. Na ile pembe aliyoiacha haitabaki tupu. Itakaliwa na pikipiki.

Wako watakaosema kwamba simu zitazidi kuwa hodari, na iko siku zitakijua kila kichochoro. Huenda. Lakini simu haitakuuliza kama umekula, wala haitakupa mjukuu. Tena nimewaona vijana wakipita mbele ya wazee waliokaa barazani, macho yao kwenye kioo, salamu hawatoi. Hao wamefika waendako, na hakuna aliyejua kwamba wamepita.

Limebaki moja ambalo wasomaji wa Mombasa watanigombeza. Wako wanaokula viazi vya karai kwa chatini ya nazi, nami nilipewa zote mbili nionje. Ya nazi ni nzuri, sikatai, na anayeipenda aendelee kuipenda. Mimi niliomba niongezewe ya ukwaju.